Naomba ushauri: kasha la kompyuta lenye kioo mbele, joto na vumbi la Dodoma

Habari zenu wakuu. Nipo Nzuguni, Dodoma, nahariri video za harusi na sendofu. Kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya picha RTX 3060. Kasha lake limezibwa kwa kioo kizima mbele, hewa inapita kwenye upenyo mwembamba tu wa pembeni. Mbele kuna feni mbili za milimita 120 zinazoingiza hewa, nyuma moja inayotoa.

Nikitoa (render) video ndefu iliyokwisha kuhaririwa mchana, prosesa inafika nyuzi 90, ambazo ndizo kikomo chake. Kasi inashuka na feni zinanguruma mno.

Nimeshapaka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, nimepuliza vumbi kwa blowa, nimesogeza kasha mbali na ukuta. Nafuu ni ndogo. Ila nikivua kile kioo, joto linashuka karibu nyuzi 10, kwa hiyo naamini feni zinakosa pa kuvutia hewa. Tatizo kiangazi hiki upepo hautulii, na nikiiacha wazi ndani kunajaa vumbi jekundu upesi sana. Kazi za wateja zimo humo, naogopa kuiua.

Mnaotumia kasha la wavu mbele huku kwetu au Singida: kichujio kinazuia hili vumbi laini bila kubana hewa, na mnakisafisha kila baada ya muda gani?

Pia, nikiongeza feni ya kutoa hewa juu, haitafanya hewa inayotoka izidi inayoingia, vumbi livutwe kupitia kila tundu lisilo na kichujio?