Tupeane uzoefu: kubadilisha chipu za asili kwenye kompyuta kongwe, wadau wa Tanga

Fundi wa Ngamiani
Wadau, hapa tuweke vipimo tu: voti ngapi, mguu upi. Naanza na Commodore 64 inayoleta skrini nyeusi. Usiguse chipu kabla ya kupima pawa saplai. Ile ya asili ikichoka, upande wa 5 V hupanda, na RAM ndizo hufa kwanza. Ikizidi 5.25 V, usiichomeke tena kwenye mashine. Voti zikiwa sawa, mshukiwa wa kwanza ni PLA (chipu inayoelekeza mashine isome kumbukumbu ipi), maana huchemka sana.

Mdau wa Raskazone
Naongezea SID, chipu ya sauti ya Commodore 64, mkuu. Ina matoleo mawili: 6581 inakula 12 V, 8580 inakula 9 V, zote kwenye mguu wa 28. Ukipachika 8580 kwenye bodi ya 12 V umeiua. Tena kapasita mbili za kichujio hubadilika: 6581 hutumia 470 pF, 8580 hutumia 22 nF. Sauti zilizorekodiwa kwenye magemu ya zamani hufifia sana kwenye 8580, kwa hiyo mashine iliyozaliwa na 6581 mimi naona ibaki nayo.

Bodi Safi
Kung'oa ndiko kunakoharibu bodi. Tundu zina utando wa shaba ndani unaounganisha juu na chini. Ukivuta chipu kabla risasi ya kulehemu haijayeyuka yote, utando unatoka nayo, na mashine haiwaki hata ukiweka chipu nzima. Kama chipu ya asili bado inafaa: paka fluksi (dawa ya kusaidia risasi kuyeyuka na kushika), ongeza risasi mbichi kila mguu, kisha nyonya kwa pampu. Tikisa kila mguu kwa ncha ya koleo. Usiocheza bado umeshika, rudia. Kama imekufa kabisa, kata miguu yote karibu na mwili wake, toa mmoja mmoja, usafishe tundu. Halafu weka soketi ya pini za mviringo, usilehemu chipu moja kwa moja.

Mdau wa Raskazone
Na kabla ya kununua 6526 (chipu za Commodore 64 zinazoshughulikia kibodi na bandari): ziko mbili, zinafanana. Kama zote ziko kwenye soketi, zima umeme uzibadilishane nafasi. Kosa likihama, chipu ndiyo mbovu. Likibaki palepale, chunguza bodi.

Binti Chumbageni
Kaka zangu, msiisahau ZX Spectrum, kompyuta kongwe nyingine. RAM zake za chini (KB 16 za kwanza za kumbukumbu), chipu za 4116, zinataka voti tatu: mguu wa 1 ni -5 V, wa 8 ni +12 V, wa 9 ni +5 V, ardhi ni wa 16. Ile -5 V ikikatika huku 12 V ipo, chipu huungua. Ukibadilisha RAM bila kutengeneza saketi ya transista TR4 inayozalisha -5 V na 12 V, mpya nazo zitaungua.

Fundi wa Ngamiani
Kweli kabisa, dada. Kwa upepo huu wa chumvi, miguu na soketi hushika kutu ya kijani mapema. Futa kwa spiriti ya asilimia 99, iache ikauke. Chipu iliyotolewa usiitupe hata ikiwa mbovu: ichomeke kwenye sponji nyeusi ya kuzuia umemetuli, ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, uandike namba ya bodi ilikotoka. Tarakimu nne za tarehe zisome hivi: 8345 ni wiki ya 45 ya mwaka 1983. Chipu yenye tarehe ya baadaye kuliko mashine yenyewe, jua ilishawahi kubadilishwa.