Mwarobaini, pareto, utupa au mafuta: kipi kinalinda nafaka ghalani?

MamaGhala: Wapendwa, nimepukuchua mahindi na kunde, nataka kuhifadhi kwa dawa za mimea tu. Msimu uliopita nilichanganya mahindi na majani makavu ya mwarobaini. Baada ya miezi mitatu natia mkono guniani, unatoka umejaa unga. Nijaribu nini?

Kihenge: Pole dada. Majani uliyaanika juani? Jua huharibu azadiraktini, kiini chenyewe cha mwarobaini. Anika kivulini, na bora utumie mbegu, ndimo kiini kilimojaa. Hata hivyo mwarobaini hauui papo hapo: humkinaisha mdudu na kuvuruga ukuaji wa mabuu.

Pareto_Kwanza: Kwa wadudu walioingia tayari, mimi ni pareto. Unga wa maua yake hushambulia mishipa ya fahamu, mdudu anapinduka upesi. Nao hauvumilii mwanga, lakini kwenye giza la gunia hudumu zaidi. Buu lililo ndani ya punje ndilo haulifikii.

BabuShamba: Mbona hamjamuuliza ni mdudu gani? Mwanangu, weka mmoja kiganjani. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi ni wa mviringo kama kipande cha kijiti, kichwa kimefichwa chini, nyuma butu kama amekatwa kwa kisu.

MamaGhala: Nimemtazama, babu. Hana mkonga, na nyuma ni butu kabisa.

BabuShamba: Basi ni dumuzi, na unga wote ule ni kazi yake. Anajichimbia ndani, dawa ya majani haimpati vizuri. Mahindi yatie kwenye mfuko usiopitisha hewa, yakiwa makavu kwelikweli. Tikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani.

Kihenge: Kunde za kula zipake mafuta ya kupikia, mililita 5 kwa kilo, mpaka kila punje ing'ae. Mdudu wa kunde hutaga mayai juu ya ganda, mafuta huyaziba pumzi.

MamaGhala: Na utupa? Jirani anausifu sana.

BintiMkulima: Kwa chakula, hapana! Ndio mmea huohuo wa kuvulia samaki, una sumu iitwayo rotenoni. Labda mbegu ya kupanda, nawe uzibe pua na mdomo unapousaga.

MamaGhala: Kunde za mbegu je, nizipake mafuta pia?

Kihenge: Usizipake, dada, yanaweza kupunguza uotaji. Hizo ndizo uzitilie unga wa mbegu za mwarobaini.