Fundi wa seva katupotezea oda ya kontena la parachichi, halafu ananiambia "seva iko poa"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie nikikosea herufi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi huku Rungwe. Ofisi yetu ni chumba kimoja Tukuyu, meza mbili, kompyuta moja, na mvua inapiga bati kutwa. Mwaka jana tuliachana na imeili za bure kwa sababu wanunuzi wa nje walikuwa wanatuona matapeli. Tukanunua domeini yetu (jina letu wenyewe la mtandaoni), kampuni moja ya Mbeya mjini (jina naliacha) ikatuwekea seva ya imeili. Baada ya muda spamu (imeili taka) zikazidi, nikalalamika. Fundi wao akajibu, "Katibu, hiyo kazi ndogo, nakaza kichujio." Kweli akakaza. Kikasha kikawa kisafi mpaka nikamsifia mbele ya mwenyekiti.

Kumbe usafi wenyewe ni kwamba hata wateja walikuwa hawafiki!

Jumanne mnunuzi wetu wa Uholanzi akanipigia. Mbona kimya, oda nimetuma siku tisa zilizopita, nikatuma tena, hamjibu. Nikamwapia kwamba hatujaona kitu. Akanirushia WhatsApp picha ya logi ya seva yake, yaani daftari lake la kumbukumbu: seva yetu imejibu 250. Kwa wasiojua, 250 kwa lugha ya seva ni "nimepokea". Yaani mwenzetu ana saini yetu mkononi, mimi nimebaki naapa tu. Kontena alishampa muuzaji mwingine. Bahati parachichi zetu ni aina ya Hass, haiivi ikiwa mtini, matunda bado yananing'inia tukitafuta mteja. Ingekuwa ndizi, sasa hivi ningekuwa nakimbiwa na wanachama.

Kesho yake nikapanda Coaster, nikashuka Uyole, bajaji mpaka ofisini kwao. Kijana ananiambia seva iko poa, tatizo mtandao wa Tukuyu, mvua zinasumbua. Mvua! Mvua inajibu 250? Nikamwambia sitoki hapa mpaka ufungue logi mbele yangu.

Akafungua kwa kujivuta. Ikatokea hii: tarehe, anwani ya yule mnunuzi, alama 4.1, kisha neno moja la kumaanisha imetupwa. Chini yake nyingine, na nyingine. Nikahesabu kwa kidole kwenye kioo, 37 ndani ya wiki tatu. Taarifa za benki zimo. Ya wakala wa meli imo. Hata binti yangu alinitumia cheti chake kupitia anwani ya ofisi, kikatupwa, na mimi nilishamgombeza kwamba ananidanganya.

Sasa kosa liko hapa. Wanatumia SpamAssassin, programu ya kuchuja spamu. Ile haikatai ujumbe kwa neno moja, inajumlisha alama: kichwa cha ujumbe chote herufi kubwa, kiasi fulani, seva iliyotuma imo kwenye orodha nyeusi, kiasi fulani, na kadhalika. Kizingiti inachokuja nacho, yaani alama za kuhesabiwa spamu, ni 5. Huyu bwana alishusha mpaka 2! Kwa 5, oda yangu ya 4.1 ingeingia ndani bila shida. Sehemu yake inayojifunza kutokana na imeili zenu wenyewe, ile ya Bayes, ikiwa na uhakika kabisa kwamba ni spamu inatoa 3.5 au zaidi kidogo peke yake. Ukiweka 2, umeipa sehemu moja tu mamlaka ya kunyonga bila kesi.

Na hapa msinicheke: hiyo Bayes nimeiharibu mimi pia. Nilikuwa nikimaliza kushughulikia oda za zamani nazisukumia kwenye folda ya spamu ili kikasha kipumue. Hakuna aliyeniambia seva inajifunza kutoka kwenye folda ile. Nikawa naifundisha miezi na miezi kwamba Hass na kontena ni maneno ya kitapeli. Hilo nalibeba.

Ila kutupa kimyakimya silibebi. Angeweza kuikataa mlangoni kwa 550, yaani "sipokei", mnunuzi angerudishiwa taarifa saa ileile na kunipigia. Angeweza kuiweka folda ya karantini, nikaipitia asubuhi na chai. Yeye amechagua kupokea, kusaini, kisha kuchoma. Ni sawa na mlinzi wa geti anayepokea mikungu yako, anasaini daftari, halafu anaibwaga mto Kiwira. Ukimuuliza, anakuonyesha geti lilivyo safi.

Cha kuudhi zaidi, ujumbe wa "umeshinda bahati nasibu" ulikuwa unapita kama kawaida. Nikamuuliza imekuwaje. Eti huyo ana SPF na DKIM safi, yaani vitambulisho vya domeini inayotuma, kwa hiyo alimwekea sheria ya kumpunguzia alama. Jamani, SPF inasema tu kwamba seva hii imeruhusiwa kutuma kwa domeini hii. Tapeli naye ananunua domeini, anaipangia vizuri kuliko sisi. Kitambulisho halali hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu!

Nimemlazimisha arudishe 5, azime ile amri ya kutupa, na aifute Bayes ianze upya. Itakaa bila kusema kitu mpaka ipate spamu 200 na ujumbe halali 200, si neno, nitafuta takataka kwa mkono.

Hizo 37 hazirudi. Logi imebaki na anwani na saa tu, kwa hiyo tangu jana nampigia mmoja mmoja kumwomba atume tena. Nimefika wa 14.

Na leo asubuhi wamenitumia ankara: elfu themanini, "marekebisho ya kichujio". Hiyo imeili imefika vizuri sana. Wadau wa Mbeya, mngekuwa ninyi mngelipa?