Nyanya za kwenye ndoo zinanyauka huku udongo umeloa chepechepe

Kibaraza_Tabata
Habarini wanajamvi. Nina nyanya na hoho kwenye ndoo za rangi za lita 20, zimepangwa kibarazani juu ya sakafu. Udongo ni ule mweusi wa bondeni, nimechanganya na samadi ya ng'ombe. Matundu ya chini nimetoboa kwa msumari wa moto, juu yake nikamwaga kokoto, ndipo udongo ukafuata. Tangu masika ishike, majani ya chini yanakuwa njano na mchana miche inalegea kama ina kiu, lakini ukichomeka kidole ni tope tupu. Mche mmoja nimeung'oa: mizizi ya kahawia, inanuka yai viza. Nimwagie dawa ya ukungu au niongeze kokoto?

Chumbageni_1
Ongeza kokoto mpaka robo ya ndoo, maji yapate pa kushukia. Na dawa ya ukungu piga tu, haina hasara.

BiKitalu
Chumbageni mwanangu, hapo hapana. Mimi nauza miche kando ya barabara na wateja wangu wengi wanashikilia hizo kokoto. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye mianya mikubwa mpaka udongo wenyewe ushibe kabisa. Kwa hiyo ile tabaka ya tope iliyokuwa ikae chini kabisa, kokoto zinaipandisha juu, inakutana na mizizi. Ukijaza robo ya ndoo, umempunguzia mche nyumba yake na tope liko palepale.

Hamniamini? Chukueni sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ilaze bapa hadi iache kudondosha maji. Kisha isimamishe wima. Itadondosha tena. Ndiyo maana ndoo ndefu iliyojaa udongo mpaka karibu na mdomo inakauka vizuri kuliko beseni.

Dawa nayo hailetei mizizi hewa. Oksijeni hupenya kwenye maji polepole mno, kama mara 10,000 chini ya inavyopenya kwenye hewa. Mizizi ikikosa pumzi haiwezi kunyonya maji, ndiyo maana mche unalegea ukiwa umesimama ndani ya maji. Watu wakiona hivyo wanamwagilia tena!

Kibaraza, huo udongo wako kiangazi unapasuka nyufa, sivyo? Ni mfinyanzi, uache shambani. Usiudanganye na mchanga kidogo, utazidi kukaza. Tafuta udongo tifutifu ndoo moja, mboji iliyoiva ndoo moja, na pumba za mpunga ndoo moja. Nasema yale maganda magumu yanayotupwa kwenye mashine za kukoboa, si pumba laini za kulishia kuku. Hizo laini zinachacha na kuziba kila kitu. Vumbi la mbao bichi pia liache, linapooza linakula naitrojeni ya mmea.

Pwani_Mchangani
Makumbi ya nazi je, Bi? Huku kwetu yamejaa.

BiKitalu
Mazuri sana, yakatekate. Ila yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yana chumvi. Yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, umwage, urudie mpaka ukionja maji hayana chumvi.

Kibaraza_Tabata
Shikamoo Bi, na asante. Sasa niing'oe yote na mvua hii?

BiKitalu
Marahaba. Pindua kila ndoo taratibu jioni, utazame mizizi. Yenye mizizi myeupe ihamishie kwenye mchanganyiko mpya, iliyooza yote tupa. Anza na hoho, haivumilii tope kabisa.

Matundu ongeza, mengine toboa ubavuni karibu na kitako. Ndani weka kipande cha neti ya mbu, kinatosha kuzuia udongo usitoke. Kisha inua ndoo juu ya vipande vya matofali, maana kitako kikilalia sakafu ya saruji matundu yanazibwa. Halafu tazama bati lako linamwaga wapi. Kama mchirizi unaangukia ndani ya ndoo, zisogeze ukutani. Na usimwagilie mpaka kidole kikiingia hadi kiungo cha pili kitoke kikavu.

Chumbageni_1
Nimejaribu sponji. Nakwenda kumwaga kokoto zangu.