Tupeane uzoefu: hela ya muamala wa nje imerudi pungufu, reti (kiwango cha kubadilisha sarafu) imekula wapi?

Mwanzisha mada
Umenunua kitu nje kwa kadi ya benki, mzigo haukuja au umekatwa mara mbili. Umelalamika, hela imerudi. Ukipiga hesabu, zilizoingia si zile zilizotoka. Wanaoijua kazi hii watupe hesabu na hatua. Kulaumu benki fulani tuache.

Dirisha la kadi
Wateja husema "nimerudishiwa" kwa mambo matatu tofauti, na hapo ndipo ubishi unapoanzia.

La kwanza ni kuachiwa. Hoteli imezuia dola 100 za dhamana na haikuzichukua. Zuio likiondolewa, salio linarudi shilingi kwa shilingi. Zikipungua hapo, dai lote, kwa sababu hakuna mauzo yaliyokamilika.

La pili ni muuzaji kurudisha mwenyewe. Mfumo hauangalii ulinunua kwa reti gani. Huo ni muamala mpya, unabadilishwa kwa reti ya siku unapoingia. Muuzaji akirudisha dola 150 zilezile, kwake amemaliza.

La tatu ni chajibeki: benki yako inaidai benki ya muuzaji kupitia Visa au Mastercard. Hapa muulize ofisa mapema, "Dai mnaliandika kwa shilingi nilizokatwa au kwa dola?" Jibu lake ndilo litakalokuonyesha kama tofauti ya reti itakuangukia wewe. Lipate kwa maandishi.

Mhasibu
Naongezea mfano, namba ni za kuelezea tu. Benki inauza dola kwa shilingi 2,620 za Tanzania na kununua kwa 2,560. Dola 150 zinatoka kwa 393,000. Zikirudi siku hiyohiyo zinaingia 384,000. Soko halijatikisika hata kidogo na umeshapungukiwa 9,000. Kama kuna ada ya muamala wa nje ya asilimia 3, ongeza 11,790. Jumla 20,790.

Usiandike barua ya "nirudishieni 20,790". Ivunje. Ile 11,790 ni ada: kama muamala ulikuwa wa wizi au ulikatwa mara mbili, hoja yako ina nguvu, maana ada imezaliwa na muamala usiostahili kuwepo. Ile 9,000 ni pengo la kuuza na kununua, na jibu lake liko kwenye masharti ya kadi uliyosaini. Barua yenye mistari miwili hujibiwa mstari kwa mstari. Yenye jumla moja hujibiwa "ni reti" na kufungwa.

Wa Nairobi
Soko likitikisika, hayo ni madogo. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Kufikia mwishoni mwa Machi ilikuwa imeshuka karibu na 130. Dola 200 zilizotoka kwa 32,000 zikarudishwa na muuzaji Machi zinaingia kama 26,000. Hakuna aliyekuibia. Ndiyo maana anayesubiri "muuzaji kasema wiki ijayo" kwa miezi miwili anacheza na reti bila kujua. Ni kweli inaweza kukupendelea pia, ila wenye faida hawaji kuandika hapa.

Wa Muscat
Huku kwetu ni kinyume. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 ni riali 1 kwa dola 2.6008. Umenunua kwa dola ukarudishiwa dola, na riali zimepungua sana? Usikubali kuambiwa "soko". Tafuta ada, au ubadilishaji uliofanyika kwenye mashine ya muuzaji. Dirhamu ya Falme za Kiarabu nayo imefungwa, 3.6725 kwa dola.

Dirisha la kadi
Hiyo ya mashine ni kubwa. Dukani au kwenye ATM ya nje, kioo kinakuuliza ulipe kwa sarafu ya huko au ya kwenu. Ukichagua ya kwenu, reti inapangwa upande wa muuzaji, na nyongeza yake imo humohumo. Chagua ya huko. Kama hukuulizwa na risiti imetoka na shilingi, itunze: Visa wana kundi la madai namba 12.3 la sarafu isiyo sahihi, Mastercard huliweka ndani ya 4834. Lakini kama ulibonyeza mwenyewe, hapo huna dai.

Mhasibu
Vya kwenda navyo tawini: risiti inayoonyesha sarafu ya asili, taarifa ya akaunti yenye tarehe ya kukatwa, na mawasiliano na muuzaji. Chapisha pia reti kutoka kikokotoo cha Visa au Mastercard kwenye tovuti zao. Weka tarehe muamala uliposhughulikiwa, ambayo huenda siyo siku uliyopitisha kadi. Wengi hukosea hapa na hesabu inakataa. Muuzaji akidai ameshatuma, mwombe namba ya rejea ya tarakimu 23, benki itaifuatilia kwa hiyo.

Muda wa kufungua dai: mara nyingi ni siku 120, lakini benki yako inaweza kukubana zaidi, kwa hiyo wahi.

Dirisha la kadi
Na dai likishafunguliwa, usimruhusu muuzaji arudishe pembeni bila kuiambia benki. Utaona hela mara mbili, halafu ile ya muda, ambayo benki hukuwekea dai likiendelea, itaondolewa na utabaki na ya muuzaji, kwa reti yake. Kama ulishaitumia, akaunti inaingia kwenye hasi.