Mama Teresa na wagonjwa waliokufa na maumivu, nyie mnaonaje?

bintiWete: Asalam alaykum. Mie bibi yangu tulimuuguza saratani nyumbani, usiku anabana leso menoni mpaka inachanika, siku tulopata chupa ya mofini, ile dawa kali ya maumivu, alilala hadi alfajiri na mie ndo nkalala. Sasa juzi nasoma habari za Mama Teresa, yule sista wa Kikatoliki wa India, skuli tulifunzwa ndo mfano wa huruma, nakuta mwaka 1994 Robin Fox, mhariri wa Lancet, jarida la madaktari la Uingereza, kaandika alivyokwenda nyumba yake ya wanaokaribia kufa kule Kolkata, akasema masista wana upole na vidonda wanavisafisha lakini dawa kali za maumivu hamna na hawatenganishi anoweza kupona na anokufa. Imenikaa rohoni wallahi. Mtu kapewa Nobel ya amani 1979, katangazwa mtakatifu 2016, ilikuwaje?

mtuwaChake: Waalaykum salaam, pole dada, Mungu amrehemu bibi. Mie namtetea. Alipofungua ile nyumba 1952 watu walikuwa wanakufa njiani hawana wa kuwaokota. Halafu India 1985 walipitisha sheria kali ya madawa ya kulevya, mofini ikawa shida hata spitali kubwa, masista wangeitoa wapi?

Mkunazini77: Hilo la sheria nakubali. Sindano jee? Aliejitolea pale kasimulia zilikuwa zinasuuzwa maji baridi ya mfereji zinatumika tena, kuchemsha maji kunataka sheria gani? Na pesa zilikuwepo! Charles Keating, tajiri wa mabenki wa Marekani, alimpa zaidi ya dola milioni moja, alipotiwa hatiani kwa kutapeli watu akiba zao mama akamuandikia jaji barua ya kumuombea. Mwendesha mashtaka akamuandikia Mama Teresa, kuwa pesa hizi za wizi, warudishie wenyewe. Hakujibu. Wale walotapeliwa wengine wazee wa kustaafu, nao si maskini? Hapo mie simsamehi.

BiMkubwaNgambo: Wanangu, nimekaa wodini miaka mingi. Yule mama akiamini mateso yanamkurubisha mtu na Mungu, na sisi twajua maradhi yanafuta dhambi, lakini Mtume (SAW) katwambia tujitibu. Mgonjwa akitaka kusubiri mwenyewe hiyo yake, mie mzima simchagulii. Na yeye moyo ulipomsumbua 1989 alitiwa kifaa cha mapigo, basi na yule wa kwenye mkeka alistahiki chake. Wema wake siukatai, kuwaokota aliwaokota kweli.

bintiWete: Ahsante bi mkubwa. Bibi ile dawa alikuwa akiiita "maji yangu", ikifika magharibi anauliza maji yangu yako wapi. Chupa tupu ninayo mpaka leo.