Naomba ushauri: nifundisheje habari ya uwanja wa ndege wa Montserrat?

Habari zenu wakuu. Nafundisha jiografia kidato cha pili na nimekwama kwenye volkano. Mfano niliochagua ni Montserrat, kisiwa kidogo cha Karibi kilicho chini ya Uingereza. Mlima Soufrière Hills uliamka Julai 1995. Tarehe 25 Juni 1997 ukashusha gesi ya moto, majivu na mawe kwa pamoja, watu 19 wakafariki, na uwanja wa ndege wa W. H. Bramble ukafungwa. Septemba jengo la abiria nalo likateketea. Hadi 2005, ulipofunguliwa uwanja mwingine kaskazini, watu walitegemea boti na helikopta. Miaka minane! Hapo darasa zima lilinyamaza.

Shida ni kwamba wanafunzi wakisikia volkano wanawaza uji wa moto tu, kama ule wa Nyiragongo ulioingia uwanja wa ndege wa Goma 2002. Kilichoshuka Montserrat ni wingu zito la gesi, majivu na mawe linaloteremka kasi kuliko gari, hulikimbii.

Nilijaribu kuonyesha kwa majivu ya jiko juu ya bati lililoinamishwa. Yaliganda, nikagonga bati, yakashuka yote mara moja, vumbi likafika dawati la mbele na mtoto mmoja akakohoa sana. Nikaacha.

Naomba mnisaidie: nitumie kitu gani salama badala ya majivu? Na "mtiririko wa piroklastiki", yaani hilo wingu la moto, mnauitaje darasani? Mimi nasema "poromoko la majivu moto", lakini sina uhakika kama linatosha. Kipindi ni Alhamisi.